Grini Kadi Haijaisha Muda, Lakini Ukaazi Wenyewe Je?

Wengi wanaotujia hapa Dodoma na maswali ya ukaazi wa kudumu wa Marekani ni watu waliorudi nyumbani kumuuguza mzazi au kusimamia ujenzi Ilazo na Nzuguni, na shughuli iliyokusudiwa kuchukua miezi mitatu ikavuka mwaka. Karibu wote hutuonesha grini kadi, yaani kadi yao ya ukaazi ya miaka 10, na kusema kwamba muda wake bado. Ni kweli, ila sheria ya Marekani haiangalii tarehe hiyo peke yake.

Mkaazi aliyekaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo anaweza kuhojiwa anaporudi kama mtu anayeomba kuingia upya, na kwa mwenye nia ya kuomba uraia, safari ya zaidi ya miezi 6 inaweza kukatiza hesabu ya miaka yake ya ukaazi. Akipitisha mwaka mzima bila kibali cha kurejea, kadi haitoshi tena kumwingiza. Hata anayekwenda kule wiki mbili kila baada ya miezi mitano hana kinga kamili, kwa sababu maafisa hupima maisha yake hasa yako wapi: makazi, kazi, kodi ya mapato, familia.

Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131, hudumu hadi miaka 2, na mwombaji lazima awe ndani ya Marekani anapowasilisha maombi. Sharti hili ndilo linalowaponza wengi. Ukishafika nyumbani, tuseme mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, hakuna ofisi, yetu ikiwemo, inayoweza kukuombea, na anayekuahidi hivyo anataka fedha yako tu.

Aliyekwisha kuchelewa anaweza kuomba viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, akithibitisha kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi na kwamba alicheleweshwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Ugonjwa wenye taarifa za hospitali unaweza kuwa na uzito. Fundi aliyetoroka na saruji, kwa maoni yetu, hana.

Fomu I-407 isitiwe saini kwa haraka uwanja wa ndege: ni tamko la kuacha ukaazi kwa hiari, na mkaazi anaweza kukataa na kuomba shauri lake lisikilizwe na jaji wa uhamiaji.

Sisi hupanga nyaraka, hutafsiri vyeti kwa Kiingereza na kufuatilia vyeti vya kuzaliwa RITA. Ushauri wa kisheria tunawaachia mawakili wenye leseni ya Marekani. Ukija, beba pasipoti zote, hata zilizokwisha muda, kwa kuwa tunaanza na mihuri ya kuingia na kutoka.