Kaka, ile 14,000 sikuila mimi

Kaka shikamoo,

Bi Mkubwa hajambo? Mguu wake je? Voisi yako ya juzi kwenye grupu nimeisikiliza, nikaenda zamu na donge kooni, nimerudi nimeisikiliza tena. Mbele ya mashangazi wote unasema mwenzenu kaingiza dola 14,000 halafu bati la mama analitoa kwa mafungu. Yule kijana wa Mama Zuhura nimemlaza kwangu wiki nzima, kapiga picha karatasi yangu mezani akawarushia, na wewe badala ya kunipigia uniulize ukaanza kusema.

Sasa nisikilize. Ile karatasi ni 1099-Q, inakuja kila mwanzo wa mwaka kutoka kwa wanaotunza akaunti ya 529, ile akiba ya chuo niliyomfungulia Nasra akiwa darasa la pili, na nakala yake inaenda IRS, ndio TRA ya huku Marekani. Hiyo 14,000 ya boksi la kwanza ni hela iliyotoka kwenye akiba mwaka mzima wa 2024, sijapewa na mtu. Boksi la pili, 3,500, ndio faida iliyozaa, la tatu, 10,500, ni jasho langu nililoweka kidogo kidogo. Jina langu liko juu kwa sababu hela ilipitia kwangu ndio nikalipa chuo, ingeenda chuoni moja kwa moja wangeandika jina la mtoto.

Mwaka huo ada ilikuwa 11,000, bweni na chakula 7,000, jumla 18,000. Kaka hapa ndio natembea kifua mbele. Dola 4,000 za ada nililipa kwa ovataimu za usiku, akiba sikuigusa, maana kuna nafuu ya kodi ya masomo, ukilipa ada 4,000 wanakupa mpaka 2,500, ila dola moja huruhusiwi kuihesabu mara mbili, ukiiweka kwenye nafuu usiiweke tena kwenye 529. Basi 4,000 ikaenda upande wa nafuu, 14,000 iliyobaki ikaoana kabisa na ile iliyotoka, kodi yake sifuri. Bwana mmoja anayejazia watu fomu alitaka kuandika ile 3,500 kama mapato yangu, nikamkatalia, nikakaa mwenyewe Jumapili mbili na kopo la risiti mpaka nikamaliza fomu 8863, ile ya kuombea nafuu. Mimi yule mliyesema hesabu si zangu.

Na zile dola 800 za bati mlizopokea mwezi wa nne zilitoka wapi? Ndio nafuu hiyo hiyo.

Unataka nitoe 2,000 humo humo kwenye akiba ya Nasra. Sikudanganyi kwamba serikali itazila zote, robo yake, 500, ndio faida, hiyo inakatwa kodi kama mshahara na juu yake asilimia 10, dola 50, naweza kulipa. Lakini Nasra bado miaka miwili. Humo hata tiketi yake ya kuja kumwona bibi yake silipii, haihesabiki, wala bima ya afya, laptopu ndio inahesabika. Na wewe unakumbuka Baba alivyouza minazi ya Pongwe ili usome, hela ikaishia kwenye lile gari. Miaka yote sijawahi kulisema, leo nimelisema, na Nasra hatapitia hayo.

Bati nitaendelea kuleta kwa mshahara wangu, mwezi wa nane fungu lingine, tena fundi awe yule wa Chumbageni. Huku mambo yako sawa, baridi tu imeisha juzi. Naota niko Deep Sea asubuhi samaki wanapigwa mnada, naamka saa kumi nawahi basi.

Ile picha ifute kwenye grupu leo, ina namba ya akaunti ya mtoto, na kijana wa Mama Zuhura mwambie aifute kwenye simu yake. Mwambie Bi Mkubwa Nasra atampigia Ijumaa baada ya mtihani, awe karibu na simu.

Mdogo wako,
Mama Nasra