Pimeni kemba kwanza, mauzo ya shokabsoba baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niwafikie wenye magari madogo ya mbio, pamoja na mafundi wa alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) wa Nakuru, Kisumu na viunga vyake. Kuna ugonjwa mmoja unaotibiwa kwa kubahatisha: gurudumu moja la mbele limelalia ndani kuliko mwenzake. Tairi la kushoto limeliwa ukingo wa ndani hadi waya zinachungulia, la kulia halina neno. Mwenye gari anaambiwa shokabsoba zimekwisha, analipa, na baada ya miezi michache tairi jipya nalo limeliwa pale pale.

Magari yenyewe ni kama Golf GTI ya kizazi cha tano, Suzuki Swift Sport, Honda Fit RS na Subaru Impreza ya milango mitano. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hivyo GTI za mwisho za kizazi hicho, zilizoundwa 2008, ziliingia nchini kabla au karibu na 2016. Zote zimeshakula mashimo na matuta yetu ya kutosha, na tairi nyembamba kama zile za GTI, 225/45 kwenye rimu ya inchi 17, hazina mpira wa kupunguza kishindo. Shimo linapiga rimu, rimu inapiga kila kilicho nyuma yake.

Kemba ni ule mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele ya gari. Kichwa chake kikiingia ndani, kemba ni hasi; kikitoka nje, ni chanya. GTI hiyo ilitoka kiwandani na kemba hasi ya kati ya nusu na robo tatu ya digrii, na tofauti ya kushoto na kulia haifai kuzidi dakika 30, yaani nusu digrii. Hiyo tofauti ndiyo yenye maneno. Gari lililoshushwa kwa springi fupi litakuwa na kemba hasi zaidi pande zote mbili, na hilo si kosa la kutafutiwa mchawi.

Kabla ya kulaumu kemba, papasa tairi. Pitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Likiwa laini upande mmoja na likikwaruza kama msumeno ukirudi, kinachokula mpira ni tou, yaani magurudumu kutazamana au kupeana kisogo, na tou mbaya humaliza tairi upesi kuliko kemba. Kemba hula ukingo mmoja bila kuacha meno. Mara nyingi utakuta yote mawili kwa pamoja, kwa sababu kemba ikihama, tou huhama nayo.

Msiamini sana usukani. Gari huvutwa kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi. Tukiwa na kushoto digrii moja na nusu hasi na kulia nusu digrii hasi, litataka kwenda kulia. Lakini sisi huendesha kushoto, na barabara zetu zimeinuka katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, kwa hivyo lami yenyewe inalisukuma gari kushoto. Nguvu hizo mbili hukutana na kufutana. Ndiyo maana mtu anatoka Nakuru hadi Mau Summit usukani ukiwa umetulia kabisa, huku tairi likiendelea kuliwa. Na gari likivuta, badilishaneni kwanza magurudumu ya mbele, la kushoto liende kulia, ikiwa tairi si za mwelekeo mmoja. Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Gusa pia rimu baada ya mwendo: upande ulio moto kuliko mwingine una breki inayoshika.

Sasa kupima. Mtu asiye na mashine anaweza kupata jibu la kuaminika kwa timazi ya fundi wa ujenzi na rula ya milimita. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye gari, toa mizigo, hakikisha tairi za mbele ni za saizi moja na zimeisha kwa kiasi kinachofanana. Simamisha gari kwenye sakafu ya saruji, usukani ukiwa katikati, ulisukume mbele na nyuma mita chache kisha ukandamize boneti mara kadhaa ili springi zikae. Gari lililotoka kwenye jeki sasa hivi husema uongo, kwa sababu magurudumu huwa bado yamejibana kwa ndani.

Ning'iniza timazi kwenye ubao kando ya gurudumu, upande wa nje, uzi upite karibu na rimu bila kugusa tairi. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, kisha hadi ukingo wa chini. Rimu ya inchi 17 ina takriban sentimita 46 kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa urefu huo digrii moja ni milimita 8. Juu kukiwa ndani kwa milimita 12 kuliko chini, una digrii moja na nusu hasi. Nusu digrii inayoruhusiwa kati ya pande mbili ni milimita 4 tu, kwa hivyo usipime kwa jicho. Kisha sukuma gari hadi gurudumu lizunguke nusu, upime tena, uchukue wastani. Rimu zilizopinda ni nyingi kuliko mnavyofikiri. Mwisho, geuza gari litazame upande wa pili mahali pale pale na urudie. Sakafu iliyoinama huongeza upande mmoja na kupunguza mwingine, na wastani wa vipimo viwili vya kila gurudumu huifuta kasoro hiyo.

Ukiwa bado hapo chini, pima kutoka katikati ya habu, kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Gari likiwa chini upande mmoja kwa sentimita moja au zaidi, tafuta springi kwanza. Pete ya mwisho ya chini hukatika na kubaki imejificha kwenye kikalio chake, na dalili yake ni mlio wa "tak" ukikata kona kali polepole. Springi ya nyuma iliyolegea nayo huinamisha gari kimshazari na kumdanganya anayetazama mbele tu. Springi hubadilishwa mbili mbili.

Halafu inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise huku mwenzako akichungulia. Mchezo unaweza kuwa kwenye beringi ya habu, kwenye bolijointi (kiungo cha duara kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini), au kwenye bushi, ule mpira wa kiungo, kubwa ya nyuma ya mkono huo. Kitu kinachocheza kibadilishwe kabla ya kipimo kingine chochote. Kupima kemba kwenye gari lenye bolijointi iliyolegea ni kupoteza saa.

Ikiwa hakuna kinachocheza na urefu uko sawa, hapo ndipo mashine ya alaimenti inapostahili pesa yake, na hapo ndipo mafundi wengi huifunga na kuondoka. Mashine nyingi hutoa namba nyingine zaidi ya kemba, iliyoandikwa SAI. Ni mlalo wa ule mstari wa kufikirika kutoka bolijointi ya chini hadi kichwa cha shokabsoba, mstari ambao gurudumu huuzunguka ukikata kona. Namba hii hairekebishiki, na kwa hiyo haidanganyi. Jumlisha SAI na kemba ya upande huo huo (kemba hasi ikitolewa), kisha linganisha jumla ya kushoto na ya kulia.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kushoto kemba ni hasi 1°10' na SAI 14°20'. Kulia kemba ni hasi 0°20' na SAI 13°30'. Jumla ni 13°10' pande zote mbili. Shokabsoba hazina hatia hapo, wala nako, kile chuma kinachobeba habu. Kilichotokea ni kwamba sabufremu, ile fremu ndogo ya chini inayoshika mikono ya magurudumu, imesogea kushoto. Imesukuma chini ya gurudumu la kushoto nje na kuvuta chini ya la kulia ndani. Milimita 3 tu za kusogea huleta takriban robo digrii kila upande, yaani nusu digrii ya tofauti.

Badilisha namba kidogo: SAI ni 14°00' pande zote, lakini kemba ya kushoto ni hasi 1°40' na ya kulia hasi 0°40'. Jumla zimeachana kwa digrii nzima. Hapo kuna chuma kilichopinda kushoto, shokabsoba au nako. Anza na shokabsoba. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, legeza kidogo nati ya kati ya juu na uzungushe rodi yake huku kipimio cha pembe kikiwa kwenye rimu. Kemba ikiyumba kadiri rodi inavyozunguka, rodi imepinda. Nati hiyo ilegezwe tu, isitolewe kamwe bila springi kubanwa kwa kifaa chake. Springi hiyo inaweza kuua mtu. Rodi ikiwa nyoofu, linganisha nafasi kati ya tairi na mwili wa shokabsoba pande zote mbili, na uhakikishe mwili huo umezama kwenye nako hadi kikomo. Shokabsoba iliyofungwa ikiwa haijafika chini ni kosa la gereji, wala si la shimo.

Kuna na hali ya tatu, jumla ni sawa lakini SAI imeharibika upande mmoja pekee. Ikipungua na kemba ikaenda chanya, mkono wa chini umepinda. Ikizidi na kemba ikaenda hasi, mahali kichwa cha shokabsoba kinapofungwa kwenye bodi pamesukumwa ndani, na gari hilo liliwahi kugongwa hata kama aliyekuuzia aliapa. Hiyo ni kazi ya watu wa kunyoosha bodi.

Dawa hufuata chanzo, na hutofautiana kwa gari. Kwenye Golf ya kizazi cha tano shokabsoba huingia kwenye nako kama bomba na kubanwa na bolti moja, kwa hivyo hakuna mahali pa kurekebisha kemba ya upande mmoja. Kilichopo ni kusogeza sabufremu, ambayo husawazisha tofauti kwa kuondoa upande mmoja na kuongeza mwingine. Kama gari liliwahi kushushwa sabufremu kwa kazi ya klachi au giaboksi, anzeni hapo moja kwa moja, maana fundi asiyeweka alama kabla ya kulegeza hurudisha popote bolti zinapoingia. Bolti hizo ni za kutumika mara moja: hukazwa Nm 70 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kisha robo mzunguko zaidi, na zikifunguliwa hununuliwa mpya. Bei yake si ya kukufilisi.

Swift na Fit zina bolti mbili zinazoshika shokabsoba kwenye nako. Ukilegeza nati zote mbili, mwanya wa matundu pekee unaweza kukupa sehemu ya digrii. Ukihitaji zaidi, kuna bolti zenye tumbo la upande mmoja, zinazosogeza nako ukizizungusha, zinazowekwa badala ya za kawaida. Impreza ina bolti ya aina hiyo kutoka kiwandani, ile ya juu, na bado utakuta watu wakiambiwa kwamba kemba yake haiguswi.

Kinachoniudhi ni ule mtindo wa kutia bomba refu nyuma ya gurudumu na kulikunja hadi skrini isome kijani. Rodi iliyokunjwa hukwama, hula sili yake na kuvuja mafuta. Nako ni chuma cha kuyeyusha, hakipendi kukunjwa; hupata ufa usioonekana na hukatika siku yake, pengine ukiteremka kuelekea Salgaa. Kama kimepinda, nunua kingine hata cha mtumba, mradi kimepimwa.

Kila kemba ikiguswa, tou ipangwe upya, na kwenye Golf kitambua pembe ya usukani kiwekwe sawa kwa kompyuta. Reki ya usukani, ile inayosukuma magurudumu kukata kona, imefungwa kwenye sabufremu; ukiisogeza sabufremu, usukani hukaa upande na taa ya ESP (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) inaweza kuwaka. Bolti za magurudumu ya Golf zikazwe kwa Nm 120, na bunduki ya upepo isiwe ndiyo inayoamua.

Ombi langu kwa gereji zenye mashine: mpeni mteja karatasi mbili, ya kabla na ya baada, zikiwa na kemba, kasta (mlalo wa ule mstari wa SAI ukiutazama kutoka ubavuni), tou na SAI za kila upande. Mashine inazichapa kwa kubonyeza mara moja. Na kwa mwenye gari, fundi akikuambia ununue shokabsoba kabla hujaona karatasi ya kwanza, chukua ufunguo wako uende kwingine.

Fundi wa magari,
Nakuru