Mtoto kiziwi asingoje shule ndipo apate lugha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi na walezi wenye mtoto kiziwi aliye chini ya miaka mitatu. Kila ifikapo Septemba 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, husemwa mengi juu ya wakalimani wa taarifa ya habari na wa mahakamani, na ni haki yasemwe. Lakini mtoto wa miezi minane hatazami taarifa ya habari. Lugha yake iko jikoni, kwenye beseni la kuogea na kwenye mkeka, na mara nyingi mama yake ameshaambiwa angoje shule.

Kungoja huko ndiko kunakotuumiza. Darasa la kwanza huanza mtoto akiwa na miaka sita au saba, na miaka inayotangulia hapo ndiyo ambayo ubongo hushika lugha bila taabu. Anayefika shuleni bila lugha yoyote hawezi kuanza na a-e-i-o-u. Inabidi kwanza ajue kwamba vitu vina majina. Na wale wanaoanza lugha ya alama wakiwa wakubwa hubaki na mapengo katika sarufi hata baada ya kuitumia miaka mingi. Ugumu ni kwamba watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia (Marekani ni zaidi ya 90 katika kila 100), kwa hiyo mzazi anatakiwa ampe mtoto lugha ambayo yeye mwenyewe hana. Inawezekana, ila aanze na macho kabla ya mikono.

Kabla ya hapo, vipimo. Lengo linalotumika kimataifa ni mtoto achunguzwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi 1, uziwi uthibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Kupiga makofi mbele ya uso wake si kipimo, maana anaiona mikono na anahisi upepo wake. Wala vijisauti vya miezi ya mwanzo si ushahidi kwamba anasikia. Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na hutoa sauti, na wazazi wengi hudanganyika hapo. Kinachochelewa kwake ni yale mafungu ya "ba-ba-ba" na "da-da-da" ambayo wenzake huyaanza kati ya miezi 6 na 10. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe upya, hata kama alizaliwa anasikia vizuri.

Sasa macho. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa khanga hawezi kuzungumza na aliyembeba. Mwende naye hivyo sokoni, lakini saa za mazungumzo awe mbele yako: amelala mkekani nawe umeinama juu yake, au amekaa kitini mkitazamana. Akiwa mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, basi mikono iwe karibu na uso wako, si kiunoni. Akikaa mapajani amekupa mgongo, mzungushie mikono na utengeneze alama mbele ya kifua chake. Dirisha liwe mbele yako na si nyuma, la sivyo anaona kivuli. Usiku, taa iangaze uso na mikono yako. Vaa nguo isiyo na maua mengi kifuani, yenye rangi tofauti na ngozi yako.

Kumwita, mguse begani mara mbili kwa upole, au punga mkono pembeni mwa macho yake. Kupiga sakafu kunafaa kwenye mbao. Saruji haipitishi mtetemo wa kutosha. Usimshike kidevu kumgeuza. Akizoea kugeuzwa kwa nguvu atafumba macho, na mtoto kiziwi akifumba macho mazungumzo yamekwisha.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye zamu. Anayesikia huonyesha kikombe na kusema "kikombe" kwa wakati mmoja, kwa sababu sikio na jicho hufanya kazi pamoja. Mtoto kiziwi ana jicho peke yake. Ukitengeneza alama huku anatazama kikombe, hajaiona. Ukimvuta akutazame, amekikosa kikombe. Mwache akitazame kikombe kwanza. Ngoja, hata kama ni sekunde kumi, mpaka macho yarudi kwako. Hapo ndipo utengeneze alama, taratibu, kubwa kidogo, mara mbili au tatu, kisha mwache arudi kwenye kikombe. Wazazi viziwi hufanya hivi bila kufundishwa, na wana njia nyingine mbili za kuiga: kukileta kitu karibu na uso ili kitu na alama vionekane pamoja, na kuitengeneza alama juu ya mwili wa mtoto mwenyewe. Anayesikia hukata tamaa sekunde ya tatu na kudhani mtoto hana haja. Kwa kweli alikuwa hajamaliza kutazama.

Alama za kuanzia ziwe za mambo yanayojirudia kila siku: maziwa, kula, maji, kuoga, kulala, moto, imekwisha, tena, wapi, mama, baba. Kumi na moja zinatosha kwa wiki mbili, na baada ya hapo ni hatari kubaki nazo. Tumeona kaya nyingi zinazokwama kwenye alama za kuomba chakula, na mtoto wa miaka miwili anajua kudai lakini hajui kuuliza wala kusimulia. Ziunganishe mapema: maji yamekwisha, paka yuko wapi, bibi amelala. Na usimnyime kikombe mpaka atengeneze alama. Lugha isigeuke kuwa kodi ya kulipia chai.

Uso nao ni sarufi. Nyusi zikipanda, maneno yaleyale yanakuwa swali. Mzazi mwenye mikono hodari na uso mkavu ni kama msomaji anayeruka alama zote za uakifishaji.

Alama zenyewe mjifunze kwa viziwi watu wazima. Video nyingi za intaneti zinazofundisha watoto wachanga ni za Lugha ya Alama ya Marekani, na zinazilenga hasa familia za watoto wanaosikia. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha nyingine, na hata Lugha ya Ishara ya Kenya si ileile, ingawa tunapakana. Ulizeni kwa wanachama wa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, walio karibu nanyi. Mtafuteni kiziwi mwenye lugha nzuri aje nyumbani mara mbili kwa wiki, na mlipeni nauli na muda wake. Alama mpya tano kila wiki ni 260 kwa mwaka. Msizidharau alama mlizobuni wenyewe nyumbani, zinasaidia kuanza, lakini zinaishia uani.

Wengi hujaribu kusema Kiswahili na kutengeneza alama kwa pamoja. Jaribuni neno "nimekupikia". Ndani yake kuna aliyepika, wakati, aliyepikiwa na tendo lenyewe. Mkono ukikimbizana na kinywa huokota "pika" tu, na mtoto anabaki na kipande. Tengenezeni sentensi nzima ya alama kwanza, kimya; kama anavaa kifaa cha kusaidia usikivu, irudieni kwa sauti baadaye. Hofu kwamba alama zitamzuia kusema haina msingi. Hata anayesubiri kupandikizwa kifaa cha usikivu, upasuaji unaofanyika Muhimbili tangu 2017, asiachwe bila lugha wakati familia inatafuta fedha.

Mikono ya mtoto itaanza na michezo isiyo na maana, ambayo ndiyo "ba-ba-ba" yake. Alama za kwanza zenye maana huja kati ya miezi 8 na 12, na mbili zikiunganishwa kabla ya miaka miwili. Zitakuwa na kasoro. Vidole vidogo huweza mapema kiganja wazi, ngumi na kidole cha kuonyeshea, basi alama ngumu zote zitaangukia humo. Na mwendo wa kifundo cha mkono ataufanya kwa bega zima. Usimkamate vidole kumrekebisha. Anayesema "chamaki" tunamjibu "ndiyo, samaki". Naye mjibu vivyo hivyo kwa alama sahihi.

Mama peke yake hatoshi. Baba, bibi, dada wa kazi na ndugu wajifunze, na kwenye sinia watu wazungumze kwa zamu, kila mmoja akiinua mkono kabla ya kuanza ili mtoto ajue atazame wapi.

Neno moja kwa wenye watoto wanaosikia, ambao siku hizi huuziwa mafunzo ya alama kwa ahadi kwamba mtoto atakuwa na akili kuliko wenzake: utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2013 haukuona faida hiyo katika lugha. Fundisheni kwa furaha, au ili mtoto aweze kuzungumza na jirani kiziwi. Hiyo ni sababu ya kutosha.

Tuna maombi mawili. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anayejaza kadi awe na namba ya simu ya kiziwi mmoja wa wilaya hiyo aliye tayari kufundisha, ampe mzazi siku ileile uziwi unapothibitishwa. Na gazeti lako, Mhariri, litenge kisanduku kidogo kila Jumamosi chenye picha za alama tano, zilizopigwa kwa kiziwi mwenyewe, uso ukionekana wote na mishale ikionyesha mwendo wa mikono.

Walimu wa watoto viziwi wa elimu ya awali,
Tanga