Kilo hazipungui mwezini

Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa wanafunzi mmeandika kwamba mtu wa kilo 60 akifika mwezini anabaki na kilo 10. Mimi ni fundi mizani hapa Mwaloni, Kirumba. Wateja wangu ni wauza dagaa na wanunuzi wa dhahabu, na hilo siwezi kuliacha lipite.

Mtu huyo anabaki na kilo zake 60. Nyama na mifupa kaenda navyo. Kinachopungua ni uzito, yaani nguvu inayomvuta chini, na nguvu hupimwa kwa nyutoni: hapa Mwanza kama 587, kule mwezini 97. Kilo ni za tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe.

Mtasema hayo ni ya darasani. Njooni mezani kwangu. Mizani ya mikono miwili, bidhaa huku na mawe kule, hulinganisha tungamo kwa tungamo. Ipelekeni mwezini, itasawazika vilevile, kwa kuwa mvutano ukipungua unapungua pande zote mbili. Ya springi haijui tungamo, inajua kuvutwa tu. Zile kilo usoni pake zimechorwa na kiwanda kwa mvutano wa mahali fulani. Hata ya kidijitali ni ndugu yake: ndani mna kipande cha chuma kinachopinda kiasi ambacho jicho halioni, na umeme husoma kule kupinda.

Na mvutano haulingani hata hapa duniani. Dunia inazunguka, tena imetuna katikati, hivyo sisi wa karibu na ikweta tunavutwa kidogo kuliko watu wa London. Isitoshe Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mizani ya kidijitali iliyosawazishwa London, ikitumika hapa bila kusawazishwa upya, itasoma kilo moja ya dhahabu pungufu kwa gramu 3 na ushee. Kwa dagaa hakuna atakayelalamika. Kwa dhahabu watu watashikana mashati, na wote wawili ni waaminifu! Dawa yake ni jiwe la kilo moja lililohakikiwa: liweke juu, iambie mizani kwamba kilo ndiyo hii, kazi imekwisha.

Mmeandika pia kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna mvutano. Kituo cha kimataifa cha anga kiko kilomita 400 hivi kutoka ardhini, na mvutano hapo ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote wakiizunguka dunia. Mizani ya kukanyaga kule haifai kitu, lakini kilo zao bado hupimwa: springi humvuta mtu, kifaa kikasoma anavyoshika kasi. Mwenye tungamo kubwa huwa mkaidi kusogea.

Naomba mrekebishe toleo lijalo, na ile picha ya mizani ya springi ikiwa mwezini muiandike nyutoni.

Fundi mizani,
Kirumba, Mwanza