Msituambie tubonyeze "endelea", tengenezeni vyeti vya tovuti zenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wote wenye tovuti zinazopokea namba za vitambulisho, mishahara na madeni ya watu: acheni kuwaambia wateja wenu wapuuze onyo la usalama. Mimi nina steshenari Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Natoa kopi, naprinti, najazia watu fomu za mtandaoni. Ukurasa ukigoma, mimi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kilichonisukuma kuandika ni mama mmoja anayeuza dagaa. Alitaka kuona salio la mkopo wake kwenye tovuti ya chama cha akiba na mikopo alichojiunga nacho. Simu yake ikaleta ile pembetatu nyekundu na maneno kwamba muunganisho si wa faragha. Tukapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakusita: "Mama, hiyo ni kawaida, bonyeza mipangilio ya kina halafu endelea." Mama akanigeukia. "Mwanangu, nibonyeze?" Nikamwambia, "Hapana mayu, subiri kwanza."

Nilimzuia kwa sababu ukurasa ule ulikuwa unamwomba namba ya uanachama na neno la siri. Watu wengi wanadhani usalama wa tovuti ni kuficha maandishi yasisomwe njiani, basi. Kuficha peke yake hakutoshi, lazima pia ujue unamfichulia nani. Mtu akijiweka katikati, kwa mfano kwenye waifai ya bure pale stendi, anaweza kukuletea ukurasa unaofanana na wa chama chako mpaka rangi, na mazungumzo yenu yakafichwa vizuri kabisa, ila yeye ndiye anayeyasoma. Asichokuwa nacho ni cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali chenye jina la tovuti ile, kilichosainiwa na mamlaka ya kutoa vyeti ambayo simu yako inaiamini. Hapo ndipo simu inapopiga kelele. Na inapiga kelele ileile kwa mwizi na kwa msimamizi aliyesahau kazi yake. Mteja hawezi kuwatofautisha. Kijana wa huduma kwa wateja naye hawezi, maana hakuona kilichokuwa kwenye kioo cha mama yule.

Sisemi kila onyo ni kosa la mwenye tovuti. Hapa dukani jambo la kwanza ninaloangalia ni saa na tarehe. Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, na ile betri bapa iliyo ndani, CR2032, ikifa, kila umeme ukikatika mashine inaamka ikidhani iko miaka ya nyuma. Cheti cha mwaka huu inakiona hakijaanza kutumika, na karibu tovuti zote zinakataa kwa pamoja. Ukibadilisha betri na kurekebisha tarehe, yameisha. Lakini simu ya mama ilikuwa na saa sahihi, na tovuti nyingine zilifunguka.

Halafu tovuti ileile ikafunguka kwenye kompyuta yangu bila tatizo. Hapa ndipo mafundi wengi husimama na kusema simu ni mbovu. Mimi nikatumia OpenSSL, programu ya bure ambayo seva nyingi duniani, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, zinaitegemea. Ina amri ya s_client inayokuwezesha kuongea na seva kwenye mlango wa 443, ule wa mawasiliano yaliyofichwa, na kuona vyeti inavyotuma. Jibu lilikuja na namba 21, maana yake programu imeshindwa kuthibitisha cheti cha kwanza. (Ingekuwa 10, cheti kimeisha muda, 18, mtu amejisainia mwenyewe.) Nilipotazama vilivyotumwa, kilikuwa kimoja tu.

Tatizo likawa wazi. Mamlaka kuu haisaini cheti cha tovuti moja kwa moja. Inasaini cheti cha kati, na hicho ndicho kinachosaini cha tovuti. Simu ina orodha ya mamlaka kuu tu, kwa hiyo seva inatakiwa itume cha kwake pamoja na cha kati, ili simu ifuate mnyororo mpaka juu. Seva ya chama kile ilituma cha kwake peke yake. Brauza ya kompyuta, yaani programu ya kufungulia tovuti, inaweza kwenda kukitafuta cha kati yenyewe, au inacho tayari kutoka tovuti nyingine, na ndiyo maana fundi wa ofisini anaona kila kitu kiko sawa huku wanachama wenye simu wanakwama. Dawa yake ni faili moja: cheti cha tovuti juu, cha kati chini yake, kisha seva isomeshwe upya. Niliwaandikia yote haya kwa barua pepe. Wakanijibu nimshauri mteja atumie brauza nyingine.

Kweli, zipo simu ambazo hata mnyororo ukikamilika hazitapona. Tangu 30 Septemba 2021, cheti kikuu cha zamani ambacho vyeti vya Let's Encrypt, moja ya mamlaka za kutoa vyeti, vilikiegemea kimeisha muda, na simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazina kile kipya kwenye orodha yake. Zilipewa njia ya kuvukia kwa miaka mitatu, nayo imekwisha. Brauza ya Firefox huja na orodha yake yenyewe, kwa hiyo husaidia kwenye simu ambazo bado inazikubali. Simu za namna hiyo bado ziko mikononi mwa watu kwenye visiwa na mialo yetu, na mwenye tovuti ya wavuvi anapaswa kulijua hilo kabla ya kuchagua cheti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinachokuja. Cheti kilikuwa kinaruhusiwa kudumu siku 398. Kampuni za brauza na watoa vyeti wamekubaliana kipungue: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Ofisi inayosubiri mtu fulani akumbuke kuhuisha itakuwa inaangusha wateja kila baada ya wiki chache. Let's Encrypt inatoa cheti bure, na programu kama certbot inahuisha yenyewe. Lakini nimeona inavyoshindikana: mtu anafunga mlango wa 80, ule wa mawasiliano yasiyofichwa, akidhani anaongeza usalama, kumbe ndio uliokuwa unatumika kuthibitisha umiliki wa tovuti. Au cheti kipya kimeshaingia kwenye diski ila seva haijaambiwa ikisome, inaendelea kuonyesha kile cha zamani kilicho kwenye kumbukumbu yake mpaka kinaisha muda. Usikague kwa kutazama faili. Kagua kutoka nje, kwa mtandao wa simu, kama mteja.

Na nyinyi mnaotengeneza programu za simu, msizime ukaguzi wa cheti ndani ya programu ili "ifanye kazi kwanza". Mteja anayebonyeza "endelea" angalau ameona onyo. Mliyemzimia ukaguzi haoni chochote.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Kumwelekeza mwanachama aruke ulinzi uliopo ili atume neno lake la siri, kwangu mimi, ni kinyume cha wajibu huo.

Kwa chama hicho naomba mambo mawili. Wekeni cheti cha kati kwenye seva, na mkishahakikisha kila kitu kinasoma vizuri, washeni HSTS, ule utaratibu unaoifanya brauza isitoe kabisa nafasi ya kubonyeza "endelea". Na vijana wenu wa simu waambieni jibu ni hili: "Mama, usiingie kwanza, tutakupa salio kwa njia nyingine, na fundi anaarifiwa sasa hivi." Mama yule alipanda daladala mpaka ofisini kwenu kuulizia salio lake. Barua pepe yangu mnayo, na amri niliyotumia nimeiandika humo neno kwa neno.

Mwenye steshenari,
Kirumba, Mwanza