Barua kwa mwanangu: huo mpira usubiri

Mwanangu mpendwa,

Huku Tukuyu hatujambo, ni mvua tu haitupi nafasi. Naandika kwa sababu kwenye simu unasema "sawa mama" kabla sijamaliza, kisha nasikia kwa mdogo wako kwamba Jumamosi unaingia uwanjani na timu ya chuo. Usiingie.

Najua homa ya huu ugonjwa wako, mononukleosisi, unaovimbisha bandama, imekuachia na koo linameza. Lakini homa kuisha si bandama kupona. Daktari aliyekupima hapo Iringa aliigusa chini ya mbavu za kushoto, na bandama yenye afya kwa kawaida haifikiwi na mkono. Ikivimba hivyo inakuwa laini, na kiwiko cha beki mmoja kinatosha kuipasua. Damu itamwagikia tumboni, nje kusionekane kitu. Kwa wengine hupasuka hata bila kugongwa, hasa katika wiki tatu za mwanzo. Ndiyo maana aliyekupima hakukuambia "ukijisikia vizuri cheza". Alisema wiki tatu hadi nne tangu uanze kuumwa, na mpira wa kugongana usubiri hadi akuone tena. Wewe uko wiki ya pili.

Ukisikia maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto, au bega la kushoto likauma bila sababu, au kizunguzungu na jasho la baridi, usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vilevile koo likikubana ukashindwa kupumua au kumeza mate.

La dawa bado linaniuma. Uliona utando mweupe kooni ukaenda duka la dawa, ukarudi na amoksisilini na dawa ya malaria, hata kidole hujatobolewa. Mtoto wa muuguzi! Huu ugonjwa unaletwa na virusi vya Epstein-Barr, na antibayotiki haiui virusi. Tena wengi wanaomeza amoksisilini wakiwa nao hutokwa upele mwili mzima, kama ulivyotokwa wewe. Upele ule si lazima uwe mzio wa maisha, ila utaje kwa kila daktari atakayekuandikia dawa. Sasa ni parasetamoli, maji na kulala. Aspirini usiiguse.

Lakini ulipoona tezi za shingo hazishuki ukaenda kupima mwenyewe, ukamweleza daktari kila ulichomeza bila kuficha. Hilo nimemsimulia baba yako mara nyingi.

Kuhusu kipimo cha VVU, usimnunie yule daktari. Homa, koo, tezi na upele ndivyo VVU vinavyoweza kuanza pia, na daktari asiyepima hapo amekuonea. Mimi wodini ningefanya vivyo hivyo. Kwa kuwa siku za mwanzo majibu yanaweza kutoka hasi wakati virusi vipo, rudi tarehe aliyokuandikia. Hata kile kipimo cha mononukleosisi, wiki ya kwanza huweza kudanganya. Kwako zilisaidia zile chembe nyeupe zisizo za kawaida alizoziona mtu wa maabara.

Sikuulizi umeupata kwa nani. Unapita kwenye mate, kikombe au busu, na kati ya kuambukizwa na kuugua hupita wiki nne hadi sita, kwa hiyo usimlaumu mtu. Wengi huku kwetu huupata utotoni wakadhani ni mafua. Kikombe chako tu kiwe chako.

Uchovu unaweza kukaa wiki nyingi. Kama mtihani umekaribia, waambie walimu mapema, uwapelekee na cheti. Baba yako anasema nilikufokea mno siku ile. Labda. Lakini kucheza huchezi, na magunia ya viazi ya yule rafiki yako usimsaidie kupakia. Shangazi yako anataka ukija akukande tumbo kwa mafuta bandama irudi. Nimemkatalia, naye amenuna. Wewe pia ukimwona mkatalie kwa adabu, mtu asilibonyeze tumbo hilo.

Nimekuwekea mchele wa Kyela, maparachichi ambayo hayajaiva na chupa ya asali. Maparachichi yapange kwenye karatasi, usiyarundike. Ng'ombe amezaa jike. Bati la jikoni limetoboka tena na fundi anataka hela kabla ya kupanda juu, kwa hiyo ya matumizi nitakutumia mwisho wa mwezi, si wiki hii. Kapteni wenu mwambie leo, asikupange. Akibisha nipe namba yake nizungumze naye mwenyewe.

Mzigo kauchukue stendi jioni, ila nenda na mtu wa kuubeba. Mchele una uzito.

Mama yako