Harambee ya Novemba: Hewa ya Nyumba Zetu na Gari la Kwenda Milimani

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kamati ya afya ya kanisa letu la Kiswahili hapa Lexington, Kentucky, inawaalika kwenye harambee Jumamosi ya pili ya Novemba, kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa. Tunatafuta dola 24,000. Fedha hizo zina kazi mbili. Ya kwanza ni kupima hewa ya nyumba tunazokaa na kuitengeneza pale itakapokutwa mbaya. Ya pili ni kukodi gari na kulipa mafuta ili watu wafike kwenye kipimo cha saratani ya mapafu, wa hapa mjini na hasa wale ndugu wa usharika wa milimani tuliofahamiana nao baada ya mafuriko ya Julai 2022.

Kuna swali litakaloulizwa kabla bahasha hazijagawiwa, maana lilishaulizwa kwenye kikao cha wazee. Kwa nini saratani ya mapafu, wakati wengi wetu hatuvuti sigara, kodi za nyumba zimepanda, na kila mwezi kuna msiba wa kuchangia? Aliyeuliza hakukosea. Jibu lake ni refu kidogo, mtuvumilie.

Kwa miaka mingi Kentucky imekuwa ikishika nafasi ya kwanza Marekani kwa saratani ya mapafu. Wagonjwa wapya hapa, kwa kila watu 100,000, ni kama mara moja na nusu ya wastani wa nchi nzima. Utah, ambako Wamormoni ni wengi na tumbaku kwao ni mwiko, iko mkiani kwa takribani theluthi ya kiwango chetu. Na Kentucky yenyewe haifanani kote. Ina kaunti 120, na 54 kati ya hizo zimo katika nchi ya milima ya Appalachia, upande wa mashariki. Huko ndiko ugonjwa ulikojikita. Ukiiangalia ramani ya vifo, rangi inazidi kukolea kadiri unavyoiacha Lexington kuelekea miji ya milimani ya Hazard na Pikeville.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Katikati ya karne iliyopita saratani ya mapafu ilikuwa ugonjwa wa mjini, kwa sababu sigara za kiwandani zilianza kuenea mjini na moshi wa viwanda ulikuwa huko huko. Baadaye watu wa mjini wakaanza kuacha sigara, vijijini wakaendelea, na saratani ikafuata nyuma yao baada ya miaka ishirini, thelathini. Lexington, iliyokaa katikati ya mashamba ya tumbaku, ilipiga marufuku kuvuta sigara ndani ya majengo ya umma mwaka 2004, ikiwa ya kwanza Kentucky. Mpaka leo hakuna sheria kamili ya namna hiyo kwa jimbo zima, kila mji unajiamulia. Watafiti walipolinganisha maeneo ya jimbo hili waliona kwamba yale yenye sheria kali yalikuwa na wagonjwa wapya pungufu kwa kama asilimia 8. Asilimia 8 si haba, na haikuhitaji dawa yoyote.

Tusiwahukumu watu wa milimani kwa hilo. Ndugu zetu waliotoka Urambo na Chunya wanajua vizuri maana ya tumbaku kulipa ada ya shule. Hapa Kentucky ni vivyo hivyo: tumbaku ya hewa, ile inayoning'inizwa kwenye mabanda marefu mpaka ikauke, ndiyo iliyonunua mashamba na kusomesha watoto kwa vizazi kadhaa. Mzee aliyelima tumbaku tangu utoto hawezi kuambiwa na mgeni wa juzi kwamba zao lake ni sumu, akafurahi. Kwenye migodi ya makaa ya mawe nako, matabaka manene yamekwisha, kwa hiyo wachimbaji siku hizi hukata miamba mingi zaidi ili kuyafikia makaa membamba, na vumbi la miamba hiyo, lenye silika (madini yaliyo ndani ya mchanga na mawe), ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta saratani ya mapafu. Mtu avute sigara, ashinde kwenye vumbi, kisha daktari wa mapafu awe mbali kwa saa mbili za barabara ya kona. Hapo hatuhitaji kutafuta mchawi.

Umbali huo ndio tunaoweza kuupunguza. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha zaidi ya watu 53,000 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara. Waliopigwa picha ya CT ya mionzi midogo (mashine inayoonyesha pafu kipande kwa kipande) walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 20 pungufu kuliko wenzao waliopigwa eksirei ya kawaida. Kipimo chenyewe ni dakika chache tu: hakuna sindano, hakuna kulala hospitali. Mwongozo wa sasa, wa tangu 2021, unawahusu wenye umri wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, au pakiti mbili kwa miaka 10, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Kwa anayetimiza masharti hayo, bima nyingi hulipia, zikiwemo zile za serikali: Medicaid ya wenye kipato kidogo, na Medicare ya wazee, ingawa Medicare huishia miaka 77. Kwa hiyo harambee hii hailipii kipimo. Kinachokosekana ni gari, mtu wa kubaki na wajukuu, na siku moja ya kibarua isiyokatwa mshahara.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa mno. Saratani ikikutwa bado imo ndani ya pafu peke yake, zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mwilini, hawafiki mmoja kati ya kumi.

Hapa tuna neno na wazee wetu. Kila aliyepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma anakumbuka kwamba kabla ya kupanda ndege alipigwa picha ya kifua. Wapo wanaosema, "Mimi mapafu yangu yalishaangaliwa, nikapewa ruhusa ya kusafiri." Picha ile ilikuwa ya kutafuta kifua kikuu. Haikukusudiwa kutafuta kivimbe kidogo cha saratani, na mara nyingi eksirei hukiruka. Baba uliyevuta tangu ujana na sasa una miaka sitini, ruhusa ya kusafiri haikuhusu tena. Na ukikohoa wiki nyingi ukapewa dawa ya kikohozi mara mbili, mara tatu, bila nafuu, usinyamaze kwa sababu ya lugha. Kanisani kuna vijana watakaokwenda nawe kutafsiri, ingawa hospitali nayo ina wajibu wa kukupatia mkalimani bila malipo, na ni haki yako kumdai.

Sasa tuje kwetu mjini, maana mtu anaweza kudhani haya ni ya milimani tu.

Kuna gesi inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoholeshi. Inatoka ardhini, kwenye urani, madini yenye mionzi, iliyomo kidogo kidogo katika udongo na mawe. Ndugu zetu wa Katanga hawahitaji kufundishwa urani ni nini: Shinkolobwe iko kwao, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya 1945 ilichimbwa pale. Pengine ambacho hawakukitarajia ni kuikuta tena hapa, chini ya zulia. Katikati ya Kentucky ardhi imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa na mapango. Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, liko jimbo hili hili. Gesi hupanda kupitia nyufa hizo, ikaingia nyumbani kupitia sakafu iliyopasuka na matundu ya mabomba. Nje hupeperuka. Ndani hujikusanya, zaidi kwenye besimenti (vyumba vya chini ya ardhi) na ghorofa ya chini, na zaidi majira ya baridi tunapofunga kila dirisha. Na besimenti, wapendwa, ndiko kodi iliko nafuu.

Shirika la mazingira la serikali, EPA, linahesabu radoni kuwa ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu, na ya kwanza kwa wasiovuta. Vifo vyake Marekani wanavikadiria kuwa 21,000 kwa mwaka. Kwenye ramani yao ya radoni, kaunti yetu ya Fayette imo katika kundi la hatari ya juu kabisa. Kiwango wanachosema nyumba irekebishwe ni pikokuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa. Watu elfu moja ambao hawajawahi kuvuta, wakiishi maisha yao yote katika kiwango hicho, saba hivi wataweza kupata saratani ya mapafu. Wavutaji elfu moja katika nyumba zile zile, 62. Ndiyo maana kamati ilikataa kuchagua kati ya gesi na moshi. Vikikutana ndani ya pafu moja, vinasaidiana.

Je, ramani kama hii inaweza kubadilika kwa fedha za kuchangishana? Inaweza, na mfano wetu hautoki Marekani. Huko Uchina, katika wilaya ya mashambani ya Xuanwei, mkoa wa Yunnan, wanawake ambao karibu wote hawakuvuta sigara walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kupita karibu wanawake wote wa nchi hiyo. Walikuwa wakipika ndani, kwenye shimo la moto lisilo na bomba la moshi, kwa makaa ya mawe yenye moshi mzito. Kuanzia miaka ya 1970 familia nyingi zikaweka majiko yenye bomba la kutolea moshi nje. Waliofuatiliwa kwa miaka baada ya hapo, hatari yao ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Bomba la moshi tu. Mama zetu waliopika miaka mingi kwa kuni ndani ya nyumba za udongo wasikie hilo pia, na wamweleze daktari, kwa sababu daktari wa hapa hatafikiria kuwauliza.

Dawa ya radoni nayo ni bomba. Fundi hutoboa sakafu, huingiza bomba mpaka chini yake, na feni ndogo huvuta hewa ile usiku na mchana na kuitupa juu ya paa. Kabla ya hapo ni kupima. Kifaa cha kupimia ni kijipakiti chenye makaa maalumu ndani. Unafunga madirisha nusu siku kabla, unakiweka chumba cha chini kabisa kinachokaliwa (si jikoni wala bafuni), unakiacha siku chache kama maelekezo yanavyosema, unakifunga na kukituma maabara kwa posta. Mtoto wa darasa la sita anaweza.

Kwenye bajeti, dola 3,000 ni za vifaa vya kupimia na gharama za maabara. Tutaanza na vile vinavyotolewa bure na idara za afya, fedha zinunue vya nyongeza. Dola 12,000 ni za kuweka mabomba na feni, tukikadiria hadi dola 2,000 kwa nyumba moja, kwa familia zilizonunua nyumba na zisizoweza kulipa zenyewe. Zinazobaki, dola 9,000, ni za gari, mafuta na posho ya dereva kwa mwaka mmoja, na theluthi mbili za safari zitakuwa za milimani. Wako waliosema theluthi mbili ni nyingi. Wazee walijadili, wakapitisha, na mimi niliyeandika barua hii nakubaliana nao. Watu wale waliwapa meza na vitanda wenzetu waliofika nchi hii bila kijiko.

Kwa wapangaji, hatutatumia sadaka ya mama anayesafisha hoteli usiku kutengeneza nyumba ya mwenye majengo matano. Tutakupimia, na majibu yakiwa mabaya kamati itamwandikia mwenye nyumba kwa Kiingereza kilichonyooka, ikiambatanisha karatasi ya maabara. Akikataa, tutakaa pamoja tuone la kufanya, ikiwemo kukusaidia kuhamia ghorofa ya juu.

Siku yenyewe kutakuwa na chakula (sombe, ugali, sambusa, na pilau ya akina mama wa Mombasa ambayo mwaka jana iliisha kabla ya sala ya kufungua). Kwaya zitashindana kwa bahasha kama kawaida, vijana dhidi ya akina mama. Baada ya hapo ni mnada, kwa hiyo mwenye kuku, kitenge, keki au mahindi ya bustanini alete. Tunaomba jambo moja: asitangazwe mtu kwa kutoa kidogo. Dola 20 zinapima nyumba moja.

Ahadi zitaandikwa na zikamilishwe kabla ya Krismasi, ili vifaa vigawiwe Januari, baridi ikiwa kali na madirisha yamefungwa, ambapo kipimo husema kweli zaidi. Mchango upelekwe kwa mhazini mkononi, kwa hundi yenye jina la kanisa, au kwa Zelle (njia ya kutuma fedha kwa simu kutoka benki) ya kanisa iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Usimtumie mtu yeyote binafsi, hata akisema ametumwa na mchungaji. Risiti zitatolewa kwa kila mtu, na hesabu itasomwa mbele ya washarika kila baada ya miezi mitatu.

Wanaotaka nyumba zao zipimwe kwanza waandikishe majina kwa katibu kila Jumapili baada ya ibada. Wenye watoto wadogo na wanaolala besimenti watatangulia. Wanaoweza kuendesha gari la abiria kumi na mbili, na wana leseni safi, nao wajiandikishe hapo hapo, kwa sababu gari tunaweza kulipata, madereva bado ni wawili.

Katibu, kamati ya afya
Kwa niaba ya wazee wa kanisa